Huo Utafiti Walimpima Nani?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na kadhaa zinazunguka jambo moja la mazoezi ya vyuma, sijui ni simu hizi au ni nini, kila mtu ameambiwa "utafiti umethibitisha" na mwili wake unakataa. Nimezikusanya hapa. Ya mama wa Kisauni nimeipa nafasi kubwa kuliko zingine manake inastahili.

Salaam aleikum kocha. Mimi ni mama wa Kisauni hapa Mombasa, miaka 52, jioni nauza viazi karai na bajia. Binti yangu amenisajili jimu huu mwezi wa 3 sasa, akaniwekea na apu kwenye simu ya kunipangia mazoezi. Kila kitu naambiwa utafiti umethibitisha. Seti 3 za mara 10. Uzito uongeze kila wiki. Protini gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, na mimi nina kilo 74, nikapiga hesabu nikapata gramu 118, nikamuuliza binti hayo ni mayai mangapi akanambia kama 20. Nikacheka halafu nikahuzunika. Uzito sijaongeza wiki 3 na apu inanionyesha alama nyekundu. Nauliza tu, hao waliothibitisha walimpima nani? Kuna mtu kama mimi humo ndani?

Aleikum salaam dadangu. Swali lako nimelisoma nikaliweka, nikalirudia tena usiku. Maprofesa wenyewe wanaulizana hivyo hivyo, ila wewe umeuliza kwa maneno machache kuliko wao.

Jibu la haraka ni kwamba watu kama wewe wamo, lakini ni wachache sana.

Anza na hizo seti 3 za mara 10, yaani unanyanyua mara 10, unapumzika, unarudia mpaka zitimie 3. Zina historia. Wakati wa vita vya pili vya dunia kulikuwa na daktari wa jeshi la Marekani anaitwa Thomas DeLorme, yuko hospitali ya wanajeshi Chicago, wanajeshi wanaletwa na magoti na miguu imeumia na misuli imesinyaa. Yeye akaanza kuwanyanyulisha uzito mkubwa kidogo kidogo, wakati huo wengi waliona ni hatari, na wakapona vizuri. 1945 akaandika, mwanzo alikuwa anawapa seti nyingi, 7 mpaka 10, halafu 1948 yeye na mwenzake Watkins wakaona zimezidi wakapunguza zikawa 3 za mara 10. Ndo hizo ziko kwenye simu yako. Ni kazi nzuri kabisa, mimi namheshimu yule daktari, lakini ona ilianzia kwa nani, vijana wa kiume wanajeshi, kazi yao ni kula chakula cha hospitali na kupona.

Baada ya hapo utafiti ulihamia vyuo vikuu, na chuoni mtu aliye karibu na profesa ni nani? Ni mwanafunzi. Ana miaka 21, ana nafasi, maabara iko jengo la pili, wengine wanapewa na maksi au vijisenti wakishiriki. Ndo maana utafiti mwingi wa vyuma ukiuangalia ni wa wiki 8, 10, 12, ni muhula ule, muhula ukiisha washiriki wanaenda zao likizo. Tena mara nyingi ni wavulana. Sababu waliyokuwa wakiitoa ni kwamba hedhi ya mwanamke inabadilisha homoni kwa hivyo inavuruga vipimo, basi badala ya kuipima wakamwacha nje mwenye nayo. Sababu hii mimi inaniuma mpaka leo, manake hedhi ni mwezi kwa mwezi kwa wanawake wengi duniani, kama inabadilisha kitu hicho ndo kitu cha kuchunguzwa! Na walipokuja kukusanya tafiti 78 pamoja mwaka 2020 wakakuta tofauti kwa wastani ni ndogo mno, nguvu inashuka kidogo sana siku za mwanzo za hedhi, na wenyewe wakasema tafiti nyingi kati ya hizo hazikufanywa kwa umakini wa kutosha.

Kuna watu waliokaa wakahesabu. Mwaka 2014 Costello na wenzake walipitia makala 1,382 za sayansi ya michezo za 2011 mpaka 2013, wanawake walikuwa asilimia 39 ya washiriki. Halafu Cowley na wenzake wakapitia makala 5,261 za 2014 mpaka 2020, wanawake asilimia 34. Yaani miaka inaenda na hesabu haipandi. Na tafiti za wanawake peke yao zilikuwa asilimia 6 tu, za wanaume peke yao asilimia 31. Hiyo ni michezo yote kwa ujumla, si vyuma pekee. Sasa kwenye hao wanawake toa walio chini ya miaka 40, toa wa Ulaya na Marekani na Australia, toa wenye kazi za kukaa ofisini, halafu uniambie amebaki mama gani wa miaka 52 anayesimama mbele ya karai la mafuta ya moto kuanzia alasiri mpaka saa 3 usiku.

Hata Kenya tumepimwa, usidhani hatujapimwa, tangu miaka ya 1990 akina Bengt Saltin, mtafiti wa misuli na mazoezi, walikuja kutoka Skandinavia kuwapima wakimbiaji wa Bonde la Ufa, mapafu, moyo, misuli ya miguu, kila kitu. Wakimbiaji. Mama wa Kisauni hakuna aliyemfungia safari.

Ila kuna moja nataka uijue manake inatuhusu sisi wabebaji. Mwaka 1986 Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walipima akina mama wa Kiluo na wa Kikikuyu waliozoea kubeba mizigo kichwani na mgongoni kwa kamba, wakaona wanaweza kubeba mzigo wa mpaka asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu ya ziada. Ikachapishwa kwenye jarida kubwa la Nature, dunia ikashangaa. Lakini walipimwa wachache sana. 2010 Afrika Kusini wakapima akina mama wa Kixhosa 24, wakakuta hapana, mzigo unamgharimu mtu, na mmoja na mwenzake wanatofautiana sana. Mimi hii inanifundisha kwamba uchache wa watu unadanganya pande zote mbili. Ukipima vijana wachache wa chuo utakosea, ukipima akina mama wachache wa Kiafrika ukatangaza kwamba wao mzigo hauwalemei utakosea pia, na hilo kosa la pili ni baya zaidi manake litamfanya mtu aseme aa waacheni wabebe, wameumbiwa.

Sasa alama yako nyekundu. Apu inafuata wastani. 2005 walichapisha utafiti mmoja Marekani uliochukua watu 585, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, wote wakafanya zoezi lile lile la mkono mmoja kwa wiki 12. Unajua walipata nini? Kuna ambao nguvu hazikuongezeka hata kidogo na kuna waliopanda asilimia 250. Zoezi moja, wiki zile zile! Misuli yenyewe wengine ilipungua asilimia 2, wengine ikanenepa asilimia 59. Na wanawake kwa nguvu, ukilinganisha na walikoanzia, waliwapita wanaume. Kwa hivyo ukiambiwa "utaongeza hivi kwa wiki" hiyo ni katikati ya watu wote hao, na katikati hapo huenda hakuna mtu aliyesimama.

Protini usihuzunike tena. Ile 1.6 ilitoka 2018, walikusanya tafiti 49 zenye watu 1,863, na humo humo wakasema faida ya kuongeza protini kwenye misuli ilipungua kadiri umri unavyopanda. Si amri. Anza na unachoweza Kisauni hapo, mbaazi kikombe kimoja zilizopikwa zina kama gramu 11, maharagwe kama 15, yai ni 6, kipande cha samaki cha gramu 100 ni 20 na zaidi. Mbaazi asubuhi, samaki mchana, maharagwe na yai usiku, ushafika mbali bila kununua kopo la poda. Kama una shida ya figo au sukari muulize daktari kwanza kabla hujaongeza.

Na nikupe ya kukufurahisha, kuna waliowapima wakubwa wako. 1990 daktari Maria Fiatarone kule Boston aliwachukua wazee 10 wa makao ya wazee, umri wao wastani miaka 90, akawanyanyulisha kwa miguu wiki 8, nguvu zikapanda asilimia 174 kwa wastani. Tisini! Na Australia 2018 walichapisha utafiti wa wanawake 101 waliokwisha koma hedhi na mifupa yao imeanza kuwa mepesi, wakanyanyua mizito kweli kweli mara 2 kwa wiki, dakika 30, miezi 8, mifupa ya mgongo ikaimarika. Walikuwa wanasimamiwa kwa karibu, usiende ukajaribu mizito peke yako, lakini jibu la mwili wetu kuwa unaweza lipo.

Kilichobaki ni kujipima mwenyewe. Kwenye zamu yangu ya akina mama asubuhi kuna mmoja ana daftari la hesabu la mtoto, lile la viboksi, limefungwa na mpira wa nywele. Jimu nzima hakuna kitabu kama kile. Siku moja alinipa nisome, ameandika kwa biki: "Jumanne. Kilo 15 mara 8. Maji hayakuja jana, nimebeba mitungi 6 mpaka ghorofa ya 3. Mtoto homa, nimelala saa 8." Alhamisi: "Kilo 15 mara 8." Jumanne tena: "Kilo 15 mara 11. Maji yamekuja." Basi nikakaa chini kwenye benchi. Miezi miwili nilikuwa namwambia mbona huongezi, jitahidi, na mwanamke huyu alishanyanyua kilo 120 za maji kabla ya kunifikia mimi. Tangu siku ile mtu akija namuuliza kwanza jana ulibeba nini.

Kwa hivyo dadangu hiyo apu binti aizime hizo alama, wewe nunua daftari. Andika uzito, mara ngapi, umelala saa ngapi, umebeba nini, joto lilikuwaje. Linganisha mwezi huu na mwezi uliopita wako mwenyewe. Wiki 3 bila kuongeza si kitu, angalia kama ile kilo ya mwanzo sasa inakuwa nyepesi mkononi, kama ukiinuka kwenye kigoda mbele ya karai hushiki tena goti. Hicho ni kipimo, na maabara pia wanakitumia, kuinuka kwenye kiti bila mikono, hesabu unainuka mara ngapi kwa sekunde 30.

Kocha mimi ni hamali wa mkokoteni Marikiti, miaka 24. Jamaa wa jimu ananambia nianze na programu ya "wasio na mazoezi" kwa sababu sijawahi kunyanyua chuma. Nasukuma magunia kutoka alfajiri, kweli mimi sina mazoezi?

Mdogo wangu, kwenye karatasi za utafiti watu wanagawanywa mafungu 2, waliozoea vyuma na wasiozoea, na asiyezoea kwao ni yule mwanafunzi anayekaa. Fungu lako halipo. Miguu yako na mgongo zishafanya kazi ya siku kabla wengine hawajanywa chai, ukiongezewa tena skwati za programu ya mgeni utachoka badala ya kupata nguvu. Ningekuwa mimi ningekupa siku 2 tu kwa wiki, zile ambazo mzigo ni mdogo, ufanye vile mkokoteni hauvifanyi. Wewe unasukuma kutwa, basi wewe vuta, kujivuta kwenye chuma, kuvuta dambeli kuelekea kiunoni, misuli ya nyuma ya bega. Miguu iache ipumzike. Na kama mgongo unauma usiku au mguu unakufa ganzi hiyo si ya kocha, nenda hospitali.

Hawa wazungu damu yao mbali na yetu mbali, utafiti wao utuhusu nini? Mimi nimeamua sifuati lolote. Msomaji wa Likoni.

Hapana kaka, hapo sikubaliani nawe. Msuli ni msuli, ukiubebesha zaidi ya ulivyozoea kisha ukaulisha na kuulaza unapata nguvu, Likoni na London. Lile jambo la kuongeza kidogo kidogo linafanya kazi kwa kijana, kwa mzee wa miaka 90, kwa mwanamke, halijawahi kumkataa mtu kwa rangi. Kinachotofautiana ni maisha yanayouzunguka msuli, joto letu la Machi ambalo shati linaloa ukiwa umesimama tu, chakula, usingizi, kazi za mikono, funga. Maabara ina kiyoyozi, jimu yetu ina feni 1 na dirisha. Kwa hivyo kanuni ichukue, namba zipime mwenyewe. Ukitupa vyote utarudi kwa yule jamaa wa mtaani anayekuuzia sindano za kunenepesha misuli.

Asalaam aleikum. Ramadhani inakuja na nimekuwa napiga vyuma mwaka mzima, nitapoteza misuli?

Wa aleikum salaam. Hapa angalau kuna waliotupima, Watunisia wamefanya kazi kubwa kwenye funga na michezo. Kuna utafiti wao wa 2013, wanaume 16 wa kutunisha misuli, wengine wakafanya mazoezi jioni wakiwa wamefunga, wengine usiku baada ya kula, mwezi ulipoisha uzito na mafuta ya mwili havikutofautiana kati yao. Lakini ni wanaume 16, waliozoea, kwa hivyo kwa dada anayefunga na kupika futari ya watu 8 siwezi kuapa ni sawa na hao. Kwa joto la Mombasa mimi nakushauri baada ya tarawehe, punguza seti, usipunguze sana uzito, na maji unywe kidogo kidogo mpaka daku usiyafakamie yote mara moja.

Kocha, mimi ni mwanafunzi wa lishe hapa Mombasa, nataka mradi wangu uwe wa akina mama na mazoezi ya nguvu lakini mwalimu ananambia akina mama hawapatikani, nichukue wanafunzi wenzangu. Nifanyeje?

Mwanangu umenifurahisha, wallahi. Mwambie mwalimu kwa heshima kwamba wanapatikana, ila hawapatikani kwa tangazo la Kiingereza lililobandikwa ukutani chuoni. Fanya hivi. Kibali cha kamati ya maadili na cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya vibali vya utafiti, anza mapema manake bila hivyo huanzi. Fomu ya ridhaa iandike kwa Kiswahili chetu, halafu umsomee mama wa jirani, pale atakapokuuliza "yani?" badilisha. Usiwaite chuoni, wafuate, ukumbi wa mtaa au madrasa ikiwa imefunga, saa 2 na nusu asubuhi watoto washaenda shule na jua halijakaza. Mpimaji awe mwanamke na kuwe na pazia la kweli, si leso iliyoshikwa na mtu, manake hakuna atakayevua buibui upime mkono wake mlango ukiwa wazi. Nauli ya matatu warudishie siku ile ile. Wenye watoto wadogo waje nao, weka mkeka pembeni na mtu wa kuwaangalia. Hedhi uiandike, usiitumie kumfukuza mtu. Na kwenye maswali yako uongeze kimoja ambacho sijakiona kwenye fomu yoyote, kwamba jana alibeba mitungi mingapi na kwa ghorofa ngapi.

Idadi usiogope ikiwa ndogo, andika wazi ni wangapi, umri gani, kazi gani, mtaa gani, ili atakayekuja baada yako ajue ulimpima nani. Zamu yangu ya asubuhi ina akina mama 17 na nimeshawauliza, 11 wamekubali, niandikie kupitia jarida unambie unaanza lini.